Istilahi za tarakilishi: 'Kigezo' si 'kigeu', wala 'kurithisha' si 'kusafirisha'

Mkononi nina kijitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na walimu wawili wa tarakilishi, mmoja wa Kitale na mwenzake wa Bungoma. Kinawafunza vijana wa vyuo vya kiufundi namna ya kuandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo mashine huzitekeleza moja baada ya nyingine, na hususan skripti inayojua iko kwenye mashine ya aina gani kabla ya kuanza kazi. Nawapongeza. Wengi wetu tunaojiita wataalamu wa lugha hatujathubutu kuigusa mada hii. Hata hivyo, kijitabu kina kasoro, na karibu zote ni za istilahi.

Jalada linasema "Kugundua mfumo wa uendeshaji". Kugundua ni kufichua jambo lililokuwa halijulikani. Skripti haigundui chochote; inauliza. Kwenye Linux huuliza kwa amri "uname" ikajibiwa "Linux". Kwenye tarakilishi ya Apple jibu ni "Darwin". Nayo Windows huweka jibu katika jina "OS", ambalo thamani yake ni "Windows_NT". Hiyo ni kutambua, kama makanga wa steji ya Kitale anavyouliza "Webuye ama Bungoma?" kabla ya kukuonyesha gari. (Mimi ningesema "mfumo endeshi", maana uendeshaji ni hata wa kampuni, lakini hilo tuliache.)

Kosa kubwa zaidi ni "vigezo vya mazingira". Kigezo ni kipimo cha kupimia kingine. Mkulima wa Kiminini akisoma "kusimamia vigezo vya mazingira" atadhani ni barua ya NEMA kuhusu miti aliyoikata kando ya mto! Kinachozungumziwa ni jina lenye thamani inayoweza kubadilishwa: PATH, kwa mfano, huieleza mashine itafute programu kwenye folda zipi. PATH ya Linux hutenganisha folda kwa nukta mbili, ya Windows kwa nukta mkato, na ndiyo maana skripti sharti ijue mapema iko wapi. Basi kinachogeuka ni kigeu. Nashuku walimu wetu walilikwepa neno hili kwa sababu ya ndugu yake kigeugeu, ambaye sote tunamjua kila msimu wa kampeni. "Mazingira" lenyewe sina neno nalo. Linatokana na kuzingira, na vigeu hivi kwa kweli huizingira programu inapofanya kazi.

Kisha kuna ukurasa ulionichekesha, halafu nikaacha kucheka. Amri "export" imefasiriwa "safirisha nje". Jameni! Huku Trans Nzoia kinachosafirishwa ni mahindi, na gunia likishapanda lori hulioni tena. Mwanafunzi akiishika picha hiyo atapotea, kwani hapa hakuna kinachoondoka. Programu inayoanzisha nyingine huitwa mzazi, inayoanzishwa ni mtoto. "Export" humpa mtoto nakala ya kigeu, asili ikabaki kwa mzazi. Mtoto akiibadilisha nakala yake, ya mzazi haiguswi. Asiyelijua hili ataandika skripti ya kubadilisha PATH, aiendeshe, imalize, kisha ashangae mbona PATH yake iko vile vile. Atailaumu mashine, ilhali mkosaji ni kitenzi. Mimi napendekeza "rithisha". Rafiki mmoja amenipinga akisema urithi husubiri kifo. Si kila urithi: baba humrithisha mwana sura, naye akabaki nayo.

Kijitabu pia kinashauri kwamba nywila "iwekwe kwenye mazingira" badala ya kuandikwa ndani ya skripti. Ushauri ni mzuri, maana skripti hupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Lakini kuiweka kwenye mazingira, kwa sikio la kawaida, ni kuianika uani. Iwekwe kwenye kigeu cha mazingira, basi.

Lililonisikitisha zaidi si tafsiri. Kuna kigeu kiitwacho LANG, kinachoieleza mashine mtumiaji anataka lugha gani. Linux imekitengea Kiswahili thamani mbili, sw_KE kwa Kenya na sw_TZ kwa Tanzania. Mashine iliyowekewa data hiyo ikiulizwa tarehe kwa amri "date" hujibu Jumatatu, Alhamisi, Ijumaa. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, tangu 2004. Kwa hivyo njia ilishafyekwa zamani. Lakini kila mfano wa LANG kijitabuni una thamani en_US. Ati kijitabu cha Kiswahili, cha Kitale na Bungoma, kinamfunza kijana aiambie mashine kwamba yeye ni Mmarekani! Toleo la pili likija, walimu wangu, anzeni na ukurasa huo.