Mtindo Uliodanganya Sikio

Mtahiniwa, ukiulizwa ni nini kiliwatia hofu waliosikiliza mchezo wa redio wa Orson Welles nchini Marekani tarehe 30 Oktoba 1938, usikimbilie kutaja wavamizi kutoka Mirihi. Hayo ni maudhui. Kilichowapotosha ni mtindo. Riwaya ya H. G. Wells ya 1898 ilivishwa vazi la taarifa ya habari: muziki unakatizwa, ripota anamhoji mtaalamu, kisha ghafla kimya. Aliyechelewa kufungua redio aliukosa utangulizi. Magazeti nayo, kesho yake, yakaitia hofu hiyo chumvi. Mwalimu mwenzangu, hapa Sindo wanafunzi hueleza maudhui kwa kirefu na kuuachia mtindo mstari mmoja. Wakumbushe: anayeupuuza mtindo hudanganywa nao.