Haraka ya nani? Utata wa istilahi za mwendo katika nota za Kiswahili

MAJUZI niliketi nyuma ya kanisa fulani nikisikiliza kwaya ikifanya mazoezi. Juu ya karatasi ya nota, chini ya maandishi "Doh ni G", mtunzi alikuwa ameandika neno moja tu: Taratibu. Besi wakaimba kama wanaosindikiza jeneza. Soprano wakaenda mwendo wao wa kawaida, ila kwa sauti za upole. Mwalimu akagonga meza. "Lakini mwalimu, si imeandikwa taratibu?" besi mmoja akateta.

Alikuwa na haki. Taratibu ni bila haraka, na pia ni kwa uangalifu, kwa mpango. Kila kundi lilichukua maana yake, na karatasi haikusema ni ipi.

Wapo wanaosema dawa ni kurejelea Kiitaliano, eti chenyewe hakina utata. Wapi! Allegro katika Kiitaliano cha kila siku ni mchangamfu. Andante limetokana na kitenzi andare, yaani kwenda. Largo ni pana. Adagio ni kwa nafasi, bila kusukumwa. Katika hayo na presto, ni presto pekee linalotaja upesi waziwazi. Na andantino je? Ni kasi kuliko andante ama ni polepole zaidi? Beethoven mwenyewe aliwahi kuulizia jambo hilo katika barua.

Ni huyo huyo Beethoven aliyelalamika kwamba allegro huandikwa hata juu ya muziki usio na uchangamfu wowote. Johann Maelzel aliposajili metronomu mwaka wa 1815, Beethoven aliipokea kwa furaha, na mwaka wa 1817 akachapisha tarakimu za mapigo ya simfoni zake nane. Hata hivyo, hakuyatupa maneno yanayoeleza hali ya wimbo. Tarakimu 60 itakwambia pigo moja kwa sekunde; haitakwambia kama unaomboleza au unabembeleza mtoto.

Kosa la watunzi wetu, kwa maoni yangu, ni kutafsiri allegro kuwa "kwa haraka". Haraka ya Kiswahili ina pupa ndani yake. Ndiyo ile isiyo na baraka. Mwandikie mwimbaji haraka naye atameza silabi, na Kiswahili kisichosikika irabu zake si Kiswahili tena. "Kwa uchangamfu" lingemfaa zaidi, na lingekuwa karibu na maana asilia.

Kisha kuna "polepole kidogo". Hebu jaribu kuliimba hilo! Ni polepole ya kiasi, ama ni punguza mwendo zaidi? Tumejiundia andantino yetu wenyewe. Anayetaka kwaya ipunguze mwendo aandike kitenzi: punguza mwendo. Kitenzi hakibabaishi. (Na wale wanaoandika mahadhi wakimaanisha kasi, jamani, mahadhi ni namna sauti inavyopanda na kushuka.)

Zamani tatizo hili halikuwapo, kwa sababu mwendo ulikaa mwilini. Wimbo wetu wa taifa ulitokana na bembelezi ya Wapokomo. Mama anayembembeleza mtoto haulizi ni mapigo mangapi. Mikono yake inajua. Lakini kamati ya mwaka wa 1963, akiwemo George Senoga-Zake, ilipoigeuza bembelezi hiyo kuwa wimbo wa kusimamiwa wima, mikono ya mama haikuwapo tena. Kinachoshika nafasi yake ni maandishi. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba neno lolote litafaa mradi mwalimu yupo. Nota husafiri hadi kwa kwaya ambazo mtunzi hatazisikia kamwe.

Yule mwalimu, baada ya kuteta kidogo, alitoa kalamu. Akalikata neno Taratibu, akaandika: Mapigo 72, kwa utulivu. Besi yule akauliza kama mapigo hayo ni ya dakika nzima. Akajibiwa ndiyo, na wakaanza upya.