Pakiti Itoayo Pumzi: Mwongozo wa Mnunuzi wa Kahawa

Kisaju, kando ya barabara ya Namanga, hailimwi kahawa. Hutufikia kutoka Nyeri, Kirinyaga au Kiambu, kisha hukaa kwenye rafu za maduka ambayo mchana mabati yake huwaka. Kwa joto na vumbi hili, pakiti mbovu huiua kahawa njema upesi. Jifunze kuikagua.

Vali. Punje zikishakaangwa hutoa kaboni dioksidi kwa siku nyingi. Ukizibana kabisa, pakiti huvimba, hata kupasuka. Ukizitobolea njia, oksijeni huingia na mafuta yake huchacha. Dawa ni vali ya upande mmoja, kile kitufe chenye vitundu kilichobandikwa karibu na mdomo wa pakiti. Hutoa pumzi, haivuti. Ibonye taratibu mara moja: harufu ikikujia tamu, kama karanga za kukaangwa, ni dalili njema. Ikinuka kama kadibodi, irudishe.

Tabaka. Karatasi ya kaki hupendeza, lakini peke yake haizuii hewa wala unyevu. Ndani pawe na foili ya alumini au plastiki nzito. Pakiti inayoonyesha punje huingiza mwanga, na mwanga ni adui.

Mshono. Upapase kwa kidole gumba. Uwe bapa, bila mikunjo wala punje iliyonaswa. Kisha ikamue pakiti: ikisinyaa na vali haijatoa kitu, inavuja mahali pengine.

Tarehe. Tafuta siku ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi pekee haitoshi. Punje nzima hufaa zaidi ndani ya mwezi mmoja hivi. Na pakiti ngumu kama tofali? Imeondolewa hewa, ndiyo, lakini kahawa yake iliachwa kwanza imalize kupumua, na sehemu ya harufu ikaondoka nayo.

Kikombe. Hakimu wa mwisho ni maji ya moto. Yamwage kidogo juu ya kahawa uliyosaga sasa hivi. Iliyokaangwa karibuni huumuka na kutoa povu; iliyochoka hulala kama tope.

Ukishafungua, kamua hewa, kunja mdomo, weka kabatini mbali na jiko. Nunua robo kilo, uimalize, ununue nyingine. Pakiti haiongezi utamu wowote. Kazi yake ni kukufikishia ule ambao mkulima na mkaangaji walikwisha kuutia.