Je, Mtu Mmoja Hujenga Dola? Uhakiki wa Yanayoandikwa Juu ya Sultan Qaboos na Oman

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Sultan Qaboos bin Said alifariki tarehe 10 Januari 2020, baada ya kuitawala Oman kwa muda unaokaribia miaka 50. Tangu siku hiyo yameandikwa mengi juu yake, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, nasi tumeyasoma kiasi tulichojaaliwa. Sehemu kubwa ya maandishi hayo imesimama juu ya madai matatu: kwamba alikuta nchi tupu, kwamba aliijenga peke yake, na kwamba ustawi ulioonekana ni hoja tosha ya kuwa kila alilolifanya lilikuwa sawa.

Lililotutia kalamu mkononi ni suali la kijana mmoja katika darsa yetu. Alikuwa amesoma moja ya maandishi hayo, akauliza: "Sheikh, ikiwa Oman hapakuwa na kitu kabla ya mwaka 1970, basi hawa babu zetu waliotoka huko kuja mwambao, walitoka na nini?" Wenzake walicheka, lakini suali lilikuwa zito. Mwenye kuambiwa kuwa kabla ya mtu fulani hapakuwa na kitu, ameambiwa pia kuwa wazee wake hawakuwa kitu.

Kabla ya kuingia katika madai hayo, tunaweka msingi mmoja. Maulamaa wa hadithi walitufundisha kuwapima watu kwa mizani yenye pande mbili. Imam al-Dhahabi, katika kitabu chake cha Siyar, anapomtaja mtawala humtajia jema lake na baya lake, hata awe al-Hajjaj. Kumsifu mtu kupita kiasi si wema kwake, na kumtukana maiti si elimu. Kwa hivyo tunalolihakiki hapa ni maandishi na hoja zake. Hatuhukumu mja aliyekwisha rejea kwa Mola wake.

DAI LA KWANZA: KWAMBA ALIKUTA NCHI TUPU

Wenye dai hili wana ushahidi wao, na sehemu yake ni ya kweli. Qaboos alipochukua madaraka tarehe 23 Julai 1970 huko Salalah, kwa msaada wa Waingereza, serikali ilikuwa na skuli tatu tu, zenye wanafunzi takriban 900, wote wavulana. Barabara ya lami ilikuwa ya kilomita chache. Milango ya mji wa Maskati ilikuwa ikifungwa usiku, na mwenye kutembea alilazimika kubeba taa. Baba yake, Sultan Said bin Taimur, aliizuilia nchi mambo mengi, na maelfu ya vijana waliikimbia kutafuta elimu na kazi. Haya hatuyakanushi.

Lakini "skuli tatu za serikali" si sawa na "hapakuwa na elimu". Nizwa na Rustaq ni miji ya elimu kwa karne nyingi. Sheikh Nuruddin al-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, alitunga vitabu vya fiqhi, usul na taarikh, na wanafunzi wake wakawa makadhi na viongozi. Hata mwambao wetu ni shahidi. Katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja baina ya 1870 na 1888, kilianzishwa kiwanda cha uchapaji kilichopiga chapa vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi, kikiwemo Qamus al-Sharia. Je, watu wasio na elimu hutunga vitabu hivyo?

Tazama pia mifereji ya maji, aflaj, ambayo idadi yake ni maelfu. Maji ya falaj hugawiwa kwa zamu za muda, na moja ya vipimo vyake ni athar, yaani takriban nusu saa. Kila mwenye shamba anaijua zamu yake, pana wakili anayesimamia, na yapo mafungu ya wakfu. Mambo haya yaliendeshwa bila ya wizara wala ofisi. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza mifereji mitano, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wanaoweza kugawana maji jangwani kwa karne na karne bila ya kuuana wana nidhamu ya utawala, nayo ni mtaji mkubwa kwa mtawala yeyote atakayekuja.

Na hata baba mwenyewe hatendewi insafu. Said bin Taimur alipotawala mwaka 1932 alirithi hazina yenye madeni, akatumia miaka mingi kuyalipa. Woga wa deni ulimganda mpaka ukawa ubahili juu ya raia. Mafuta yalianza kusafirishwa mwaka 1967, na mapema mwaka 1968 alitoa tamko refu akieleza hali ya fedha na kuahidi maendeleo. Alichelewa, na kuchelewa kwake kuliwaumiza watu. Lakini hazina iliyolipiwa madeni yake ya zamani na visima vilivyoanza kutoa mafuta ni vitu viwili ambavyo mwana alivikuta, hakuvianzisha.

DAI LA PILI: KWAMBA ALIIJENGA PEKE YAKE

Dai hili ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), aliijenga Muqaddima yake juu ya hoja kwamba ufalme hausimami kwa mtu pekee. Husimama kwa asabia, yaani mshikamano wa watu wanaoubeba. Tukiuliza ni nani waliomshika mkono Qaboos, tunawakuta wengi.

Wa mwanzo ni ami yake, Sayyid Tariq bin Taimur, aliyerudi kutoka uhamishoni akawa Waziri Mkuu wa kwanza, kisha akajiuzulu mwishoni mwa mwaka 1971. Wapo askari wa Uingereza, Iran na Jordan waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar, vilivyomalizika mwaka 1975. Wapo vibarua na mafundi wa Bara Hindi waliomwaga jasho katika barabara, bandari na hospitali, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha sifa. Na ipo bei ya mafuta, iliyopanda takriban mara nne baina ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974. Hiyo ni riziki ya Mwenyezi Mungu, haikutokana na hekima ya mtawala yeyote wa Maskati.

Kisha wapo watu wetu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, maelfu ya wenye asili ya Oman walitawanyika. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1970, wengi walirejea kutoka Unguja na Pemba, kutoka Kenya na bara, hata kutoka Burundi, Rwanda na Kongo. Walikuja na vyeti vya ualimu, uuguzi, ukarani na uhandisi, na Kiingereza kilichohitajika maofisini. Wengine Kiarabu kiliwapa tabu, wakachekwa kwa lafudhi zao, lakini waliingia katika wizara, skuli, hospitali na kampuni ya mafuta, wakazisimamisha. Walikuwemo wanawake waliosomesha wasichana wa Oman ambao mama zao hawakupata kuingia darasani. Katika upande wa dini, Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, aliyeteuliwa Mufti Mkuu mwaka 1975, alizaliwa Unguja. Inakuwaje mwandishi wa Kiswahili, ambaye huenda mama yake ni mmoja wa hao, aandike kuwa nchi ilijengwa na mtu mmoja?

YALIYO YAKE KWA HAKI

Pamoja na hayo, hatusemi kuwa angekuwa yeyote mambo yangekuwa yale yale. Zipo nchi zilizopata mafuta mengi kuliko Oman zikaishia katika vita na njaa. Mafuta ni mali, na mali inahitaji mwenye kuielekeza. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Kwa mizani hiyo, tunaona mambo matatu ambayo ni haki ya Qaboos.

La kwanza ni msamaha. Waasi wa Dhofar waliojisalimisha hawakuchinjwa, bali waliingizwa katika jeshi na serikali. Yusuf bin Alawi, aliyekuwa katika safu za wapinzani, ndiye aliyekuja kuongoza mambo ya nje kwa miaka mingi mpaka 2020.

La pili ni kuijaalia nchi kuwa moja. Bara ya Oman ilikuwa chini ya Imamu, na mkataba wa Seeb wa mwaka 1920 uliziacha pande mbili zikae kwa amani. Said aliiunganisha kwa nguvu za silaha baina ya 1955 na 1959. Mwana aliondoa jina la "Maskati na Oman" mwaka 1970 ikawa Oman tu, kisha akawapa watu wa bara na Dhofar skuli na barabara kama watu wa pwani. Upanga ulikuwa umeunganisha ardhi, naye akaziunganisha nyoyo.

La tatu ni kuitoa mali mahali pake. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilipima nchi 135 tangu 1970, na Oman ikawa ya kwanza kwa ukubwa wa hatua iliyopiga. Sababu kubwa ilikuwa ni kuigeuza neema ya mafuta na gesi kuwa elimu na afya. Kanuni ya mafakihi ni kwamba amri ya mtawala juu ya raia imefungamana na maslahi yao. Katika skuli na hospitali, kanuni hii ilitimizwa.

DAI LA TATU: KWAMBA USTAWI NI HOJA TOSHA

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoacha elimu na kuingia katika sifa. Mtu mmoja alikuwa Sultan, Waziri Mkuu, Waziri wa Ulinzi, wa Fedha na wa Mambo ya Nje, na mwenyekiti wa Benki Kuu. Hata akiwa mwema kiasi gani, nani atamwambia kuwa amekosea? Mwaka 2011 vijana wa Sohar na Salalah walitoka njiani wakidai kazi na kulalamikia ufisadi. Sultan aliwaondoa mawaziri na kuahidi nafasi 50,000 za kazi. Lilikuwa jibu la haraka, lakini lenyewe ni ushahidi kwamba khabari za raia zilikuwa hazimfikii mpaka zipigiwe kelele. Na bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2014, madeni ya serikali yaliongezeka kwa kasi. Baba alilaumiwa kwa kuogopa madeni, na utawala wa mwana ukaishia na deni.

Kubwa zaidi ni suala la kurithiwa madaraka. Qaboos hakuacha mtoto, wala hakumtangaza mrithi. Sheria ya Msingi ya mwaka 1996 iliipa familia siku tatu za kuchagua, na wasipoafikiana ifunguliwe barua aliyoiacha. Wapo waliosema kuwa hili ni jambo lisilo na mfano katika taarikh. Si kweli. Mwaka 99 Hijria (717), Khalifa Sulayman bin Abdul-Malik, akiwa mgonjwa huko Dabiq, aliandika barua akaitia muhuri, na watu wakatakiwa kumbai aliyetajwa ndani yake bila ya kumjua. Msimamizi wake alikuwa Rajaa bin Haywa. Barua ilipofunguliwa, jina lilikuwa la Umar bin Abdul-Aziz.

Umma ulipata kheri kubwa kwa barua ile. Lakini fakihi hajengi hukumu juu ya bahati. Umar alitawala chini ya miaka mitatu, na alipofariki madaraka yalirudi palepale yalipokuwa, kwa sababu kilichobadilika ni mtu, utaratibu haukubadilika. Tunapoulinganisha mwendo huu na ule wa Abu Bakr (r.a.), aliyemtaja Umar hadharani baada ya kushauriana, na ule wa Umar (r.a.), aliyewaachia watu sita washauriane, tunaona tofauti baina ya jambo lililojulikana na jambo lililofichwa.

Mwaka 2020 Oman ilisalimika. Familia ilichagua kuifungua barua, jina likawa la Haitham bin Tariq, mtoto wa yule Waziri Mkuu wa kwanza, naye akaapishwa tarehe 11 Januari. Agosti mwaka huohuo aliteua mawaziri wa fedha na mambo ya nje na mwenyekiti wa Benki Kuu, na Januari 2021 sheria mpya ikaweka cheo cha mrithi kinachojulikana. Ikiwa njia ya zamani haikuwa na upungufu wowote, kwa nini aliyechaguliwa kwa barua hiyo aliharakisha kuibadilisha?

KHITIMA

Muhtasari wa maneno yetu ni huu. Sultan Qaboos alikuwa na athari kubwa katika ustawi wa dola yake, na anayelikataa hilo hana insafu. Lakini athari yake ilikuwa ya kufungua milango. Walioingia na kufanya kazi ni watu wengi, na ardhi waliyoijenga ilikuwa na misingi ya zamani. Mwenye kuandika kinyume cha haya huwadhulumu watu wa namna tatu: waliotangulia, kwa kuwafuta, waliofanya kazi, kwa kuwanyang'anya ujira wa kutajwa, na vijana wanaosoma, kwa kuwafundisha kukaa barazani wakimngojea mtu mmoja atakayewajengea nchi.

Ama kijana wetu aliyeuliza, tulimjibu hivi: babu zako walitoka na vitabu, na elimu ya kugawana maji, na ada ya kushauriana. Katika hayo matatu, wewe umebakisha lipi?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.