Amri Iliyoiua Safu ya O'Neill Eccles Hill

Amri ya John O'Neill, kamanda wa Wafeniani (Waairishi wa Marekani waliopigania uhuru wa Ireland kwa kuivamia Kanada), ya kuwapitisha watu wake barabarani kwa safu, mchana kweupe, kuelekea Eccles Hill, mpakani mwa Marekani na Kanada, tarehe 25 Mei 1870 haina utetezi.

Mbele yao palikuwa na kijito na daraja. Ng'ambo, juu ya miamba, walijibanza wakulima wa Missisquoi, Kanada, na bunduki zao za Ballard, watu wenye kinyongo tangu Wafeniani walipopora vijiji vyao mwaka 1866. Kilima kinaitawala barabara yote. Ofisa aliyepitia vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani alipaswa kutuma wapelelezi, kuwatandaza askari, kisha kupeleka kundi moja lizunguke ubavuni. O'Neill alituma kikosi cha mbele moja kwa moja darajani. John Rowe akaanguka kwa risasi za mwanzo, wenzake wakatawanyika kutafuta pa kujikinga, na shambulio likafia hapo. Upande wa Kanada hakufa hata mtu mmoja.

Inaniuma kwa sababu kazi hii aliijua. Kule Ridgeway, 2 Juni 1866, alipata habari kwamba makamanda wa upande wa Kanada, Peacocke na Booker, wanakuja kwa njia mbili, akamvaa Booker kabla hawajaungana, watu wake wakiwa nyuma ya vizuizi vya mbao za ua. O'Neill yule wa Ridgeway asingeligusa daraja lile.

Mwaka 1870 silaha za Wafeniani zilifika mpakani salama. Hilo lilifanyika vizuri. Lakini aliyeaminiwa kulisimamia alikuwa Henri Le Caron, yaani Mwingereza Thomas Beach, jasusi. Nimelipigia kelele hili miaka yote: tangu mgawanyiko wa viongozi wa Wafeniani, Roberts na O'Mahony, mwaka 1865, uongozi ulihangaika na vyeo ukasahau kuchunguza watu wake. Mfeniani mwenzao Michael Corcoran, aliyekataa mwaka 1860 kukipanga kikosi chake cha 69 cha New York kwenye gwaride la Mwanamfalme wa Wales akijua atashtakiwa, alikuwa na msimamo ambao viongozi hawa hawakuwa nao.

Kule Eccles Hill, hata amri ya pili ya O'Neill ilikuwa mbovu: kamanda kubaki nyuma bila ulinzi ilhali Foster, marshal wa serikali ya Marekani, alikwisha kumwonya. Foster akamkamata, akamtia garini na kumpitisha katikati ya askari wake mwenyewe hadi St. Albans. Oktoba 1871 O'Neill alivuka tena mpaka, huko Pembina, na jeshi la Marekani likamkamata.