Saraka za Intaneti na Suala la Uainishaji

Kila uainishaji ni hoja. Mwanaisimu wa lugha za Kibantu hahitaji kuambiwa jambo hili mara mbili. Bleek alizipa ngeli nambari katika karne ya 19 kwa kutazama viambishi vya nomino. Shule za Kenya zimezipanga kwa A-WA, KI-VI na wenzake kwa kutazama upatanisho wa sentensi. Kutokana na tofauti hiyo, kiboko alitoka chumba kimoja akaingia kingine, ilhali mnyama ni yuleyule.

Saraka za intaneti zastahili kusomwa kwa jicho hilohilo. Saraka ni orodha ya tovuti iliyopangwa na binadamu kwa mada, kuanzia mada pana hadi mada finyu. Mtambo wa kutafutia, kwa upande wake, hukusanya kurasa wenyewe na kumletea msomaji zile zinazoafikiana na maneno aliyoyaandika. Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walianza mwaka wa 1994 orodha iliyokuja kuitwa Yahoo. Mwaka wa 1998 ikatokea ile iliyofahamika kama DMOZ, ambayo wahariri wake walikuwa watu wa kujitolea. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014. DMOZ ikafuata mwezi Machi 2017. Wako wanaoyaona hayo kuwa ushindi wa mashine juu ya mkutubi. Hukumu hiyo ina haraka.

Tuchukue Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858. Mtafiti mmoja huandika utendi, mwingine utenzi. Mmoja hutenganisha jina la mtunzi, mwingine huliunganisha. Mashine inayolinganisha herufi tu itayaona hayo kuwa mambo manne. Mpangaji wa saraka aliyeisoma kazi hiyo atayaweka yote mahali pamoja. Zaidi ya hayo, atalazimika kuamua kama utendi huo ni fasihi, ni dini, au ni habari za wanawake wa Pwani. Yahoo na DMOZ zilikuwa na dawa ya utata huo: alama ya @ mwishoni mwa kichwa, iliyomjulisha msomaji kwamba makao hasa ya mada hiyo yako tawi jingine. Ni mbinu ndogo, lakini inakiri jambo ambalo rafu ya vitabu haiwezi kulikiri kwa urahisi, yaani kitu kimoja kuwa na nyumba mbili.

Kwa hiyo udhaifu wa DMOZ haukuwa katika mbinu bali katika ramani yake. Vichwa vyake vikuu, kama vile Sanaa, Afya, Sayansi na Biashara, vilikuwa vya kurasa za Kiingereza. Lugha nyingine zote zilikusanywa chini ya kichwa kimoja kilichoitwa Dunia. Ukurasa wa Kiingereza unaoeleza sarufi ya Kiswahili ulistahili kukaa chini ya Sayansi, katika tawi la isimu. Ukurasa wa Kiswahili unaoeleza malaria haukuwa na nafasi chini ya Afya. Kiswahili kama kitu cha kuchunguzwa kilipewa kiti sebuleni. Kiswahili kama chombo cha elimu kikapelekwa uani. Mtetezi atasema kwamba mpango huo ulimrahisishia msomaji wa lugha moja kazi yake, na kwamba kila lugha iliweza kujipangia vichwa vyake humo ndani. Utetezi huo una uzito, ila hauelezi kwa nini Kiingereza peke yake hakikuhitaji mlango. Kasoro hii si ngeni: katika mpango wa Dewey wa mwaka 1876, lugha chache za Ulaya zimegawiwa nambari kuanzia 420 hadi 480, na nyingine zote zimebanwa ndani ya 490. Kiswahili kinapatikana kwenye 496.392.

Miongozo ya mada inayotayarishwa na wakutubi ni afadhali. Ule wa Karen Fung wa Stanford kuhusu Afrika kusini mwa Sahara ulikuwa na mtayarishaji anayejulikana, na tovuti nyingi zilipewa maelezo mafupi. Hata hivyo mwongozo huo uliandikwa kwa Kiingereza, na msomaji aliyetafuta habari za tungo za Mombasa alipitia California kwanza.

Mwongozo utakaoandikwa kwa Kiswahili utabadilisha vichwa vyenyewe, si lugha yake tu. Utendi, tarihi na mafumbo havitakuwa vijitawi vya ngano za jadi, bali vitasimama vyenyewe. Bila shaka ugomvi utaanza mapema: Habari za Pate ziwekwe chini ya historia au chini ya fasihi? Wahariri wake watalazimika kuirudia alama ya @.