Ngoma Isomwayo kwa Kiganja

Yastahiki pongezi za dhati kazi ya walimu wa Buhangija, Shinyanga, ambao katika shule moja hulea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino, wengi wa hawa wenye ualbino wakiwa wameletwa hapo kwa hofu ya mauaji ya kikatili ya wenzao yaliyoenea Kanda ya Ziwa kuanzia 2007, wala hawaridhiki kuwapa hifadhi pasipo kuwapa elimu. Mtazame mtoto asiyeona aandikaye nukta nundu kwa mkono: huidunga karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza, ndipo kidole kisome kutoka kushoto kwenda kulia; ustadi huo, kwa rai yangu, haupungui hadhi mbele ya uchongaji wowote. Na kwa kuwa mguso nao ni njia ya kusoma, nizikumbukapo ngoma za kitemi zilizohifadhiwa Bujora, karibu na Mwanza, katika kituo alichokiasisi Padri David Clement miaka ya 1950, hutamani mno angalau mbili tatu ziwekwe mahali pa kuguswa, asiyeona apapase ngozi na vigingi, naye kiziwi, mwenziwe apigapo, aweke kiganja ubavuni mwa mzinga na kuusikia mtetemo ukimpanda hadi kiwikoni.